Sura ya Saba: Siku Tisini za Lumiro

Fundi simu alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi ameibana kwa meno, alipomsikia mpima macho akishuka. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za chuma zilizopanda hadi duka la miwani, na ngazi zile zilikuwa na vidato kumi na tisa. Kidato cha nne kutoka chini kilikuwa kimelegea. Siku zote yule dada alikiruka, na kile kimya kidogo cha kuruka ndicho kilichomfanya fundi ainue kichwa na kutabasamu kabla hajamwona.

Leo alikikanyaga. Kikalia kwii, wala hakujali.

Hakusalimia. Alikuwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Aliweka simu yake juu ya kaunta, akabonyeza.

"Lumiro," ilisema simu.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya chini, ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja, na mwishoni kulikuwa na kicheko kilichokatwa kabla hakijaisha. Akabonyeza tena.

"Lumiro."

"Imesikilizwa mara mia nne na kumi na mbili," alisema. "Si mimi ninayehesabu, imeandikwa hapo chini. Na hiyo ya mwisho ni ya baba yangu."

Fundi alitoa bisibisi mdomoni. Mama mmoja wa makamo, aliyekaa kwenye stuli akisubiri simu yake itengenezwe, alianza kusoma bei za chaja ukutani kwa umakini wa ajabu.

Katika jengo lile fundi aliitwa Kamusi, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Tangu yuko shuleni alikuwa akitunga lugha yake mwenyewe, Kitiruli, nyuma ya madaftari ya hesabu. Alipokua aliitengenezea kamusi mtandaoni, akaiacha wazi kwa kila mtu mwenye neno la kuleta. Miaka miwili iliyopita alipanda ngazi zile kupimwa macho. Alisoma herufi zote ubaoni bila kukosea, kisha akamwambia mpima macho kwamba mstari wa tano ungefaa sana kuwa jina la ndege. Yule dada alicheka mpaka akatafuta kiti. Wiki iliyofuata naye alikuwa amejiandikisha. Mwaka haukuisha, wakawa walinzi wawili wa kamusi, watu pekee wenye uwezo wa kukubali neno au kulifuta. Sasa maneno yalikuwa yamepita elfu tatu, na walioyaleta walikuwa mamia ya watu ambao hawajawahi kuonana.

Sheria walizitunga pamoja, kwenye kaunta ileile. Kila neno liwe na maana, liwe na sentensi ya mfano, na liwe na sauti ya mtu anayelitamka. Sentensi lazima iwe ya jambo lililotokea kweli, kwa sababu walichoshwa na sentensi za vitabuni ambamo paka hulala na mtoto hupiga mpira. Neno likikaa siku tisini bila sauti, linafutika lenyewe. Kulifuta kabla ya hapo kulitaka walinzi wote wawili wabonyeze ndani ya saa moja.

Lakini lumiro halikuwa neno la kamusi. Lilikuwa lao. Mpima macho alilitunga siku moja wakiwa wamekaa vidatoni, akamwambia yeye peke yake. Maana yake ni ile furaha ya kumtambua mtu kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni. Fundi alilipenda kuliko maneno yote aliyowahi kuyatunga yeye, na kitu alichokipenda hakuweza kukikalia. Miezi minne iliyopita aliliingiza kimyakimya, akitumaini siku moja yule dada atakutana nalo humo na afurahi. Siku ya themanini na tisa lilikuwa bado halina sauti. Alijaribu kulitamka mwenyewe, likatoka kavu kama anataja kipuri cha redio. Basi akafungua ujumbe wa sauti wa zamani ambamo yule dada alilitamka, akakata sekunde mbili, akazipandisha. Akalala usingizi mzuri.

"Baba amelisikiaje?" aliuliza sasa.

"Hilo ndilo swali lako?" Mpima macho aliegemea kaunta. "Haya, nitakujibu. Jana alimwita mdogo wangu akamwambia, hebu nifungulie kazi ya huyo kijana, Jumapili anakuja hapa, sitaki kukaa na mtu nisiyejua anashindia nini. Umesikia? Alitaka kukujua. Miaka miwili nambembeleza, jana akaketi mwenyewe kuitazama kamusi yako."

"Kamusi yetu."

"Usinirekebishe leo." Alivuta pumzi. "Baba amesoma taarifa ya habari redioni miaka thelathini na moja. Hakutaka hata kusoma maana. Alibonyeza sauti, moja baada ya nyingine. Anasema, huyu ana mafua. Huyu anasoma bila kupumua, atakufa. Mdogo wangu anacheka. Mimi niko jikoni naosha vyombo, moyo wangu mweupe, nasema leo mambo yamekaa sawa. Halafu nasikia sauti yangu inatoka sebuleni."

Fundi aliweka bisibisi juu ya kaunta.

"Halafu akaomba asomewe sentensi."

"Najua sentensi ilivyo."

"Unajua, lakini hukuwepo ikisomwa. 'Alinipigia akiwa bafuni, amefungulia bomba ili baba yake asisikie, lakini nilisikia ndala zake kabla hajasema neno, nikapata lumiro.' Mdogo wangu alifika kwenye bomba ndipo akaelewa anasoma nini, na hakuwa na pa kusimama."

"Akasemaje?"

"Hakugusa chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, 'Kumbe yale maji.' Basi. Miaka miwili analalamika bomba la bafuni linavuja. Ameita fundi bomba mara mbili. Mara mbili, na mimi nasimama pale namwangalia mtu wa watu akifungua bomba zima."

Mama wa kwenye stuli alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Kuna jambo moja ambalo fundi angelisema wakati ule, na mambo yote yangekuwa mepesi. Hakulisema. Kifua kilimpanda, kama kila mara akiambiwa amekosea kwenye kitu alichokifanya kwa mapenzi.

"Sheria inasema sentensi iwe ya kweli," alisema.

Mpima macho alimtazama kwa yale macho yaliyozoea kutafuta kasoro ndani ya macho ya watu.

"Tulifute," alisema taratibu. "Sasa hivi. Mimi nabonyeza, wewe unabonyeza, tunamaliza."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani, au hutaki?"

"Watu themanini wamekwisha kulitumia. Kuna mmoja, sijui hata anaishi wapi, mama yake alitoka hospitali baada ya miezi miwili. Ameandika kwamba alikuwa amekaa sebuleni, akasikia mama anapanda varanda na fimbo yake, akapata lumiro. Unataka nimwambie huyo mtu neno limekwisha, arudishe?"

"Na mimi je?"

"Wewe upo hapa."

"Ndiyo maana unaniona bure." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuuma fundi kuliko kelele. "Hebu niambie kitu. Miaka miwili hii, umewahi kuniambia unanipenda?"

"Nimekwambia mara ngapi?"

"Kwa Kitiruli."

"Ni lugha niliyoitunga kwa mkono wangu. Nilidhani ndiyo heshima kubwa."

"Wanaoijua ni watu mia tatu, na hakuna hata mmoja anayekaa nyumbani kwetu. Baba ananiuliza, huyu kijana amekwambia nini? Nimjibu nini? Nimpe ukurasa?" Alichukua simu yake. "Ile hospitali ya macho iliyonipa kazi, kule mbali, wanataka jibu leo. Nilikwambia nitawakatalia, nakumbuka na wewe unakumbuka. Baba anataka niende. Mama mdogo yuko kule, ameshanitayarishia chumba. Saa kumi na moja nafunga duka. Kama mpaka saa hizo bado unalinda sheria, nawaandikia kwamba nakuja."

"Unanitisha?"

"Nakuaga. Hujui tofauti, na wewe ndiye mwenye kamusi."

Akapanda. Kidato cha nne kikalia tena.

Fundi alishika simu ya mteja, akafungua skrubu aliyokwisha kuifungua.

"Mwanangu," alisema yule mama kwenye stuli.

"Simu yako bado kidogo, mama."

"Siulizi simu. Nasema hivi, hiyo simu yangu imekufa spika, lakini inasikia kuliko wewe." Akanyanyuka, akakunja mkoba wake kwapani. "Nitaifuata kesho. Leo fanya kazi moja tu."

Alipoondoka, fundi alikasirika. Alimkasirikia yule mama, akamkasirikia mzee kwa kubonyezabonyeza, akazikasirikia sheria alizoziandika mwenyewe. Alifungua ujumbe ili amwandikie mpima macho kwa Kitiruli, kwa sababu akiwa na maneno yake alijiona mtu mzima. Alitafuta neno la kuomba radhi. Akatafuta tena kwa njia nyingine. Kamusi ilikuwa na maneno saba ya kusubiri. Ilikuwa na neno la harufu ya karatasi mpya, na neno la mtu anayemaliza hadithi yako kabla yako. La samahani halikuwemo. Katika maneno elfu tatu na ushei, hakuna mtu aliyelileta, na yeye mwenye lugha hakuwahi kuona kwamba linakosekana.

Alikaa akiutazama ukurasa ule mtupu mpaka kioo kikazima chenyewe.

Kisha akaenda kwenye neno lumiro. Sauti aliipandisha yeye, kwa hiyo aliweza kuitoa yeye. Akaitoa. Sentensi nayo akaitoa. Ikabaki maana peke yake, na sentensi za watu wengine, na yule mama wa watu akipanda varanda na fimbo. Saa kumi kamili alibonyeza kitufe cha kufuta. Mtambo ukamwuliza sababu. Aliandika kwa Kiswahili: "Mwenye neno ndiye aamue." Nusu yake ilikuwa imekamilika, nusu ya pili ilikuwa juu ya ngazi, na saa moja ilikuwa imeanza kutembea.

Akafunga duka, akatoka.

Nyumba ya mzee ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa mguu. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na mzee alikuwa ndani akipiga pasi shati jeupe juu ya meza. Alikuwa mrefu, amenyooka, na hata kimya chake kilikuwa na sauti nzito.

"Shikamoo, mzee."

Pasi ilipita kwenye kola, ikarudi. Marahaba haikuja.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mzee. Fundi simu."

"Fundi simu wangu ni mwingine. Wewe ni yule mtengeneza lugha."

"Ndiye mimi."

"Lugha isiyo na bibi." Mzee aligeuza shati. "Kila lugha ninayoijua, kuna bibi wa mtu aliyegombeza wajukuu kwa lugha hiyo. Ya kwako nani amegombezwa nayo?"

Fundi alikuwa na majibu matatu ya swali lile, yote makali, na yote alikuwa amewahi kuyatumia kwa watu wengine. Aliyameza moja moja.

"Nimekuja kusema, mzee, kwamba..."

"Usiseme kwanza. Soma. Ile sentensi."

"Nimeifuta."

"Na kichwani umeifuta?"

"Hapana."

"Basi soma. Hapohapo ulipo, nje. Simama wima. Pumzi itoke tumboni, si kooni. Soma kama taarifa ya saa mbili."

Fundi alisimama wima chini ya dirisha. Aliisoma sentensi yake, ile aliyoiandika akitabasamu, mbele ya mtu aliyeandikwa ndani yake. Alipofika kwenye "baba yake" sauti ilimkwama.

"Rudia. Umemeza neno baba."

Akarudia. Safari hii lilitoka zima, na masikio yalimwaka moto.

"Unajisikiaje?"

"Naona aibu."

"Binti yangu aliiona jana, na hakuandika yeye." Mzee alisimamisha pasi. "Nimesoma ajali, nimesoma misiba, nimesoma majina ya watu mpaka koo likauka. Tuliletewa sauti za watu wakilia, sauti nzuri, za kumfanya msikilizaji aache chakula. Sikupeleka hewani hata moja ambayo mwenyewe hakuniambia, ipeleke. Hata moja. Sauti ya mtu si kitu unachokiokota."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Unasikia moto masikioni, ukipoa ndipo utaelewa." Alichukua tena pasi. "Na sasa sema ulichokuja kusema."

Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yamepangwa vizuri, na yakampotea yote.

"Nampenda binti yako, mzee. Nilimkosea. Sina kingine."

Mzee alimalizia mkono wa shati, akautazama kwenye mwanga.

"Hiyo angalau naijua," alisema. "Jumapili usije. Ya wiki hii nimeifuta."

"Na nyingine?"

"Nyingine sijaziandika. Nenda, unanizibia hewa."

Alirudi nusu akikimbia. Alipofika chini ya ngazi jasho lilimtiririka, na simu ilimwonyesha maandishi yaleyale: mlinzi mmoja kati ya wawili amekubali kufuta, zimebaki dakika sita. Juu, taa ya duka la miwani ilikuwa bado inawaka. Alisimama. Hakupanda. Mikono ilimwasha kwa kutaka kupanda, akaishikisha nguzo ya ngazi.

Dakika nne. Mbili. Alijikuta akiombea kitu, asijue kipi.

Kisha maandishi yakabadilika: muda wa ombi umekwisha, neno limebaki. Chini yake, penye sauti, palikuwa patupu, na pameandikwa siku tisini.

Taa ya juu ikazimwa. Hatua zikaanza. Alizijua, lakini leo hakuthubutu kutabasamu. Walipoonana, yule dada alikuwa amevua koti jeupe na macho yake yalikuwa mekundu pembeni.

"Hujabonyeza," alisema fundi.

"Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikamsoma yule wa mama wa hospitali. Kisha nikasoma wengine, wote themanini." Akarekebisha mkanda wa mkoba begani. "Usidhani ni kwa ajili yako."

"Sidhani. Samahani."

"Ya nini?"

Angeweza kujibu "ya yote", na alijua jibu lile lisingemfikisha popote.

"Nilichukua sauti yako hukunipa. Na nilipoambiwa nimekosea, nilikuonyesha sheria."

Mpima macho alitazama pembeni, kwenye mlango wa duka la fundi uliofungwa.

"Baba amenipigia."

"Amesemaje?"

"Amesema unameza neno baba." Kicheko kilimtoka kidogo, akakikata katikati, vilevile kama kwenye zile sekunde mbili. Uso ukarudi mahali pake. "Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kutunga kitu kichwani."

"Na barua ya hospitali?"

"Nimewaandikia wanisubiri miezi mitatu. Wamekubali."

"Siku tisini."

"Wewe ndiye hodari wa hesabu hizo." Alisogea hatua moja, na fundi akasikia harufu ya ile dawa ya kusafishia lenzi. "Sasa sikiliza. Usimwombe mtu yeyote alitamke. Na wewe usilitamke. Nikitaka liwe na sauti, nitalisema mwenyewe, kwa simu yangu, nimekaa sebuleni, baba yupo. Nisipotaka, litafutika lenyewe, na mimi nitakuwa nimeshapanda gari. Umenielewa?"

"Na nifanye nini siku zote hizo?"

"Sijui. Si kila kitu nikuandikie maana."

Akaondoka. Fundi alizifuata hatua zake kwa masikio hadi kwenye lango, hadi kwenye lami, hadi zikachanganyika na za watu waliotoka makazini na yeye akashindwa kuzitofautisha. Hilo halikuwahi kumtokea.

Alifungua duka, akatoa kisanduku cha vifaa, akapiga magoti kwenye ngazi, kidato cha nne kutoka chini. Skrubu zilikuwa mbili tu, zimelegea kwa kutu, na zilikazika kwa mizunguko michache. Akakikanyaga kwa mguu mzima. Hakikulia. Miaka miwili alikuwa amekisikiliza kidato kile kila siku, na miaka yote miwili bisibisi ilikuwa mkononi mwake.